Wachongaji wasiochonga: ukitaka kuelewa sanamu za mirija, nta na mrututu, anza na kitenzi

Neno tulilonalo ni mchongaji, na nadhani hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Kuchonga tunakujua wote, una gogo au jiwe, una tezo na patasi, unatoa kinachozidi mpaka kibaki kile unachokitaka. Sasa mtu anaingia kwenye ukumbi wa maonyesho anakuta kitu kama wingu kinaning'inia darini, kinang'aa kwa ndani, anasogea karibu, kumbe ni vikombe vya stairofomu, vile vya kunywea chai alafu unatupa, vikombe vingi mno vimegundishwa ubavu kwa ubavu, na pembeni kuna kibao chenye jina la mchongaji. Hapo kachonga nini? Hajachonga kitu. Na mtu akiuliza hivyo wala hajakosea, swali lake ni zuri kabisa, shida ni kwamba majibu anayopewa huwa ni maneno makubwa makubwa ambayo hayamsaidii kuona.

Mimi nimehangaika na sanamu za namna hii kwa muda mrefu, nazipenda kwelikweli, na kilichonifungua macho ni kitu kidogo tu: niliacha kuuliza "hii inafanana na nini" nikaanza kuuliza "huyu kafanya kitendo gani". Kachonga, kapanga, kafuma, kaotesha, kangoja? Ukishakipata kitenzi mengine mengi yanajieleza yenyewe, kwa sababu lile umbo unaloliona, liwe wimbi au tumbawe au sega, limetoka kwenye malighafi baada ya kufanyiwa kile kitendo. Na asili ndivyo inavyofanya kazi siku zote, hakuna aliyekaa akalichora tumbawe kwanza.

Nianze na anayechonga kweli, ili tofauti ionekane. Giuseppe Penone ni Mwitaliano aliyezaliwa Garessio mwaka 1947, na tangu 1969 kuna kitu amekuwa akikirudia ambacho mimi kila nikikifikiria nasisimka. Anachukua boriti nene, ile iliyopasuliwa kiwandani ikanyooshwa pande zote nne, anaangalia pale mwisho ilipokatwa unapoziona zile pete za umri wa mti, kila mwaka pete moja, anachagua pete yake, tuseme ya mwaka wa kumi, alafu anaanza kutoa mbao yote iliyo nje ya hiyo pete, anaifuata taratibu kwa urefu wote wa boriti. Akikutana na fundo haliondoi, anapita pembeni yake, maana fundo kwenye mbao ni kitako cha tawi, tawi lilikuwepo pale mti ukiwa mdogo na mti ulivyozidi kunenepa ukalimeza. Akimaliza, ndani ya boriti umesimama mti mwembamba na matawi yake, mti uleule ulivyokuwa na miaka kumi. Hajaubuni, ulikuwa humo. Dhoruba ya Desemba 1999 ilipoangusha miti mingi kwenye bustani za Versailles kule Ufaransa, Penone alichukua shina la mwerezi mmoja mkubwa akaufungua ubavuni kama mtu anayefungua mlango, na ukichungulia unauona mwerezi mchanga ndani ya mwerezi mzee. Kitenzi bado ni kuchonga, ila anayeamua patasi ipite wapi ni mti wenyewe.

Hiyo sentensi ya mwisho ishike, maana huko mbele wote tutakaowaona wanafanya hivyohivyo kwa njia zao, wanaiachia malighafi nafasi ya kuamua.

Turudi kwenye vikombe. Ile kazi ni ya Tara Donovan, Mmarekani aliyezaliwa 1969, na kitenzi chake ni kupanga. Anachukua kitu kimoja cha kawaida kabisa, kikombe, mrija wa kunywea, kifungo cha shati, anakirudia mara nyingi mno kwa kanuni ileile, basi. Mwaka 2003 alipanga mirija ya plastiki ukutani, matundu yakiwa yanakuangalia wewe, na ukisimama mbali ukuta unaonekana kama ukungu unaotembea. Watu wengi wanadhani alichora ukungu akaujaza mirija, lakini jaribu hiki kitu mwenyewe utaona ninachosema. Tafuta vikombe vya kutupa, vile ambavyo mdomo ni mpana na kitako chembamba. Vilaze viwili mezani, viguse ubavu kwa ubavu kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, usiache nafasi. Ongeza cha tatu, ongeza cha nne. Utaona mstari haunyooki, unapinda wenyewe, vitako vinaingia ndani na midomo inatoka nje, ukiendelea unapata duara. Sasa fanya hivyohivyo kwenda juu na pembeni, unapata kuba, ukiendelea unapata tufe zima. Hujapima kitu, hujachora kitu, tufe lilikuwa ndani ya kikombe kimoja, kwenye ule utofauti mdogo wa mdomo na kitako. Ukitumia kikombe kilichonyooka zaidi tufe linakuwa kubwa zaidi, na ukitumia kilichonyooka kabisa hupati tufe, unapata ukuta tu.

Ndo maana kazi zake zinafanana na vitu vya baharini, na vipovu, na mawingu, ingawa hakuna hata kimoja kinachotokana na hivyo. Vitu hivyo navyo vimejengwa namna hiyohiyo, kipande kimoja kidogo kinarudiwa kwa kanuni moja bila fundi wa kusimamia ramani. Watu wanasema kazi zake "zimeongozwa na asili" na mimi nakubali, ila kilichochukuliwa kwenye asili ni utaratibu wake wa kujenga, sura imekuja baadaye kama matokeo.

Kufuma sasa, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu kuna hesabu, ila hesabu nzuri. Wanaofuma kwa kroshia wanajua kwamba ukianza katikati na kitambaa cha duara, vifundo sita, unaongeza sita kila mzunguko, 6, 12, 18, 24, kitambaa kinalala bapa mezani. Ukiongeza pungufu ya hapo kinajikunja kinakuwa kofia. Na ukiongeza zaidi ya hapo? Kitambaa kinakosa pa kulala, ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo, unaanza kujipinda juu chini juu chini kama ukingo wa jani la saladi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, alikaa akafuma kwa kanuni hiyo kwa makusudi, kwa sababu kuna aina ya jiometri ambayo wanahisabati walikuwa nayo kwenye milinganyo, na mifano yao ya kushikika ilikuwa ya karatasi, dhaifu, inachanika haraka. Akawapa kitu unachoweza kukishika, kukikunja, kukitupia kwenye begi.

Angalia inavyokwenda: tuseme una vifundo 20 na kila baada ya viwili unaongeza kimoja. Mzunguko unaofuata una 30. Unaofuata 45. Unaofuata 67, unaofuata umefika mia. Nilijaribu mwenyewe na uzi wa sufu uliobaki, nikadhani nitamaliza kitu kikubwa jioni moja, mzunguko wa saba nilikaa nao mpaka usiku wa manane na kipande chenyewe kilikuwa bado kinaenea kiganjani, kimejikunjakunja kama tumbawe. Hapo ndo nilielewa kwa vidole kitu ambacho maelezo yalikuwa yameshindwa kunielewesha.

Ndugu wawili mapacha, Margaret na Christine Wertheim, wazaliwa wa Australia wanaofanyia kazi Los Angeles, mwaka 2005 wakaichukua hiyo kanuni ya Taimina wakaanza kufuma miamba ya matumbawe, na wakaalika watu wengine wafume nao, maelfu ya mikono kwenye nchi mbalimbali, kila mtu anaivuruga kanuni kidogo, huyu anaongeza kila baada ya vitatu, yule anabadilisha katikati, mwingine anafuma na mifuko ya plastiki iliyokatwa nyuzi. Na zinatoka spishi tofauti tofauti kabisa, kama vile kwenye maji. Mwaka 2019 kazi hiyo ilionyeshwa Venice. Kwanini matumbawe na sponji za baharini zinafanana na hivyo vitambaa? Kiumbe anayekula kwa kuchuja maji anataka ngozi kubwa ndani ya nafasi ndogo, na kujikunjakunja ndo njia rahisi ya kuipata. Ukingo unakua haraka kuliko katikati, basi.

El Anatsui watu humweka kwenye kundi hili pia, na inabidi niseme kitu hapa. Ni Mghana aliyezaliwa 1944, amefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, ambako alifundisha chuo kikuu kuanzia 1975, na malighafi yake maarufu ni vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, vinapigwa bapa, vinakunjwa, vinasokotwa, vinatobolewa, alafu vinaungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba, kazi ya mikono ya vijana wengi kwa miezi. Inatoka shuka kubwa la chuma linalong'aa. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, ile tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, kwa kazi ya maisha yake, na 2023 alitundika kazi zake kwenye ule ukumbi mkubwa wa Tate Modern, jumba la sanaa la London. Yeye vizibo vinabeba historia, pombe ilivyoingia Afrika na biashara iliyokuja nayo, kwahiyo sidhani ni haki kumwita msanii wa maumbo ya asili tu. Lakini kwa swali letu la kitenzi ana somo kubwa: kazi yake haina umbo moja. Hatoi maelekezo ya namna ya kuitundika, anawaachia watundikaji wa kila jumba waamue, kwahiyo leo ni kilima, kesho ni wimbi, na mikunjo yote inaamuliwa na uzito. Chuma anakijua kama kitu kigumu kila mtu, yeye amekifanya kianguke kama kitenge.

Sasa tufike kwenye kundi linalowasumbua watu zaidi, wale ambao kitenzi chao ni kuachia. Wanaandaa mazingira, wanakaa pembeni, kitu kinajijenga.

Kuna mdudu mmoja wa mtoni, akiwa bado buu anaishi chini ya maji na mwili wake ni laini, kila samaki anamtaka, kwahiyo anajitengenezea mrija wa kujificha, anaokota chembe za mchanga, vijiti, vipande vya majani, anavigundisha kwa hariri anayoitoa mwenyewe. Msanii wa Ufaransa Hubert Duprat, mapema miaka ya 1980, alianza kuwatoa mabuu hawa kwenye mirija yao kwa uangalifu akawaweka kwenye matangi ambayo chini hamna mchanga, kuna vipande vidogo vya dhahabu, baadaye akaongeza feruzi na lulu. Buu halina habari na dhahabu, linataka nyumba. Linachukua kipande, linakigeuza kwa miguu ya mbele, kikikaa vizuri linakifunga kwa hariri kwa ndani, linachukua kingine. Mwisho unapata mrija wa kama sentimita 2, dhahabu tupu na lulu katikati, na kichwa cha buu kinachungulia upande mmoja. Ukiitazama picha yake kwa karibu unaona vipande vimepangana bila mwanya, na hakuna sonara aliyehusika.

Tomáš Libertíny, mzaliwa wa Slovakia, alifanya kitu cha jamii hiyo na nyuki, alitengeneza umbo la chombo cha maua kwa nta nyembamba iliyopigwa chapa ya sega, akaliweka mzingani, na nyuki wapatao 40,000 wakalijenga juu yake kwa muda wa wiki moja. Na Pierre Huyghe mwaka 2012, kwenye yale maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani, aliweka sanamu ya mwanamke aliyelala ambaye kichwa chake kilikuwa mzinga hai, nyuki wanaingia na kutoka, kichwa kinakua wiki hadi wiki.

Lakini ile ninayoipenda kuliko zote haina kiumbe hai hata kimoja. Mwaka 2008, kusini mwa London, kulikuwa na nyumba ya ghorofa iliyokuwa inasubiri kubomolewa, na Roger Hiorns akaichukua moja ya zile fleti, akaiziba na kuiimarisha isivuje, akamimina humo lita 75,000 za maji ya moto yaliyokolezwa mrututu. Mrututu ni ile salfeti ya shaba, ya buluu, wakulima wanaijua. Maji ya moto yanabeba mrututu mwingi kuliko maji ya baridi, kwahiyo yanavyopoa yanazidiwa, ule uliozidi unalazimika kutoka, na unatoka kwa kung'ang'ania ukutani, chembe juu ya chembe, kila chembe ikikaa kwa pembe ileile ya wenzake. Akangoja wiki kadhaa. Maji yaliyobaki yakavutwa nje, mlango ukafunguliwa, na kila kitu, kuta, dari, sakafu, hadi beseni la kuogea, kilikuwa kimeota fuwele za buluu zenye makali, watu wakaingia wamevaa mabuti. Mkono wa mtu haujagusa hata fuwele moja. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, na fleti hiyo baadaye iliondolewa pale nzimanzima, na mwaka 2013 ikawekwa kwenye bustani ya sanamu ya Yorkshire.

Hapo ndo linakuja lile swali, kama nyuki ndo kajenga na mrututu ndo umejiotea, msanii kafanya nini? Mimi jibu langu ni la shambani. Mkulima haoti yeye, mbegu ndo inaota, lakini tunasema shamba ni la fulani na hatuoni ajabu, kwa sababu yeye ndo kachagua mbegu, kachagua ardhi, kajua msimu, kapalilia, na kajua siku ya kuacha kumwagilia. Hiorns angekosea kiwango cha mrututu au kasi ya kupoa angepata tope la buluu. Ujuzi upo, umehamia kabla ya kazi kuanza, ndo maana hatuuoni.

Mkanganyiko mwingine ni kuchanganya umbo la asili na urafiki kwa mazingira. Ni vitu viwili tofauti. Mirija ya Donovan ni plastiki, na zile nyavu kubwa za Janet Echelman zinazopepea juu ya miji kama viumbe wa baharini zimefumwa kwa nyuzi za viwandani zenye nguvu sana, lazima ziwe hivyo, upepo na jua vingezimaliza. Upande wa pili yupo Jason deCaires Taylor, ambaye tangu 2006 huko Grenada anazamisha sanamu za watu baharini, sura zao ni za kawaida tu, ila saruji yake ameichagua isiwe kali kwa viumbe ili matumbawe yashike na kukua juu yake. Usihukumu kwa sura.

Na mwisho kuna suala la kuharibika, ambalo mimi naona ndo zito kuliko yote kwa majumba ya makumbusho. Eva Hesse mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anafanya kazi na utomvu wa mpira, alikuwa anaupenda kwa sababu unafanana na ngozi, na utomvu wa mpira kwa miaka unabadilika rangi, unakuwa wa kahawia, unakakamaa, unavunjika. Alifariki 1970 akiwa na miaka 34. Kazi yake moja kubwa ya 1969, pazia refu la mpira linalosimama kwa nguzo, ilikaa stoo ya makumbusho ya Guggenheim, New York, zaidi ya miaka 30 kabla ya kuonyeshwa tena 2022, ikiwa ngumu na nyeusi kuliko alivyoiacha. Hiyo ni kazi yake au ni mabaki yake? Watu wenye elimu kubwa wanabishana mpaka leo, na mimi siwezi kusema upande mmoja ni wa wajinga.

Zoe Leonard yeye alijibu mapema. Kati ya 1992 na 1997, baada ya kufiwa na rafiki yake kwa ukimwi, alikuwa anakula matunda alafu anashona maganda yake, machungwa, ndizi, malimau, kwa sindano na uzi, mengine anayawekea zipu na vifungo, kama mtu anayejaribu kulirudisha tunda lilivyokuwa. Yalifika kama 300. Fundi wa uhifadhi alihangaika mpaka akapata njia ya kuyahifadhi yasioze, na njia ikafanya kazi, kisha Leonard akaona maganda yaliyohifadhiwa akasema hapana, yaachwe yasinyae. Makumbusho ya Philadelphia yakayachukua hivyohivyo, yakijua yamenunua kitu kinachoondoka.

Wolfgang Laib, Mjerumani aliyesomea udaktari kisha akauacha, ana namna yake ya kuvumilia. Kila msimu wa maua anatoka kijijini kwake na mtungi, anakung'uta chavua, ule unga wa njano, ua kwa ua, na msimu mzima unampa mitungi michache. Ile aliyoitandaza sakafuni MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 2013, mstatili wa njano wa kama mita 5.5 kwa 6.4, ilikuwa chavua aliyoanza kuikusanya katikati ya miaka ya 1990. Anaichekecha kwa chujio, inashuka polepole, ukiingia unaona kama sakafu inatoa mwanga. Maonyesho yakiisha anaizoa anairudisha kwenye mitungi, mpaka mahali pengine.

Na Penone, kabla hata ya zile boriti, mwaka 1968 alikwenda kwenye msitu wa kwao akaushika mti mchanga, kisha mahali alipoushika akaweka mkono wa chuma uliofanana na wake, umelikamata shina. Akauacha. Mti ukaendelea kukua kila mahali isipokuwa pale, miaka ikapita, shina likavimba juu ya vidole na chini ya vidole, gome likaanza kuvifunika. Kwenye picha za miaka ya baadaye mkono unaonekana kama unazama ndani ya mti.